Risasi mbili chini ya mhikori: uchambuzi wa kindi aliyepotea

Juma la kwanza la Septemba, mjomba na mpwa wake waliingia Wayne National Forest, kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani, kuwinda kindi. Mjomba alibeba bunduki ya marisau, yaani vigololi vingi vinavyotawanyika, na asubuhi hiyo hakuifyatua. Kijana alibeba bunduki ya upepo. Hadi saa tatu kasorobo alikuwa amepiga risasi mbili. Ya kwanza haikugusa kitu. Ya pili ilimvunja kindi mguu wa mbele. Akajikokota hadi kwenye tundu la mti, akaingia, na hawakumwona tena.

Wakirudi garini, kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mjomba alisema bunduki ya upepo ni ya kupigia makopo, haina nguvu ya kumwangusha mnyama. Kijana alisema darubini iliyofungwa juu ya bunduki imehama. Nimewasikiliza wote wawili kwa nyakati tofauti, nikapiga hesabu za risasi zote mbili, na kwa maoni yangu hakuna aliyepatia. Nguvu ilitosha. Darubini ilikuwa pale pale ilipofungwa. Kilichowaponza ni kanuni nzuri kabisa ya uwindaji iliyotumiwa mahali pasipo pake, kisha kijana akafanya haraka kusahihisha kosa ambalo hakuwa amelielewa.

Tuanze na msimu, maana ndio uliowaweka katika hali ile. Ohio hufungua uwindaji wa kindi Septemba 1 na kuufunga Januari 31, na kikomo ni kindi 6 kwa siku. Kwingine huanza mapema zaidi: Indiana ni Agosti 15, Illinois ni Agosti 1. Anayeingia msituni wakati huo anakuta mialoni na mihikori, miti inayozaa kokwa anazozila kindi, ikiwa bado imejaa majani. Kokwa za hikori ndio zinakomaa, lakini hazijaanguka, kwa hiyo kindi hana sababu ya kushuka. Hupanda hadi kileleni, akakaa kwenye ncha ya tawi na kutafuna, huku vipande vya maganda vikidondoka juu ya majani makavu kama manyunyu. Mwindaji wa Septemba huwinda kwa masikio kwanza. Akishasikia maganda yanaanguka, anasogea taratibu hadi chini ya mti, au karibu nao, na hapo ndipo anapoanza kutazama juu.

Novemba mambo hugeuka. Majani yameanguka, kokwa ziko chini, na kindi wanazifukia ardhini. Unawaona kwa mbali, unawapiga mita 30 au 40 mbele yako, usawa wa macho. Ndiyo maana wengi husema mwanzo wa msimu ndio wakati wa bunduki ya upepo: masafa ni mafupi na mlio ni mdogo, kindi wengine hawashtuki sana. Mimi nakubali. Ila masafa mafupi ya kwenda juu yana hesabu yake, na hiyo haiandikwi kwenye boksi la bunduki.

Sasa vifaa. Bunduki ya kijana ni ya springi na pistoni, ile ambayo mtutu wenyewe unakunjwa ili kuishindilia. Kipenyo ni milimita 5.5. Risasi zake ni za madini laini ya risasi, kichwa mviringo, uzito gramu 0.93, na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 240 hivi kwa sekunde. Darubini imekaa sentimita 4.5 juu ya mtutu. Aliisawazisha kwa mita 25, yaani aliirekebisha ili kwa umbali huo risasi iingie pale pale inapolengwa, na akiwa ameketi nyumbani bila haraka, risasi zake kwa umbali huo zilikuwa zikiingia ndani ya duara la sentimita 2. Hilo ni jambo la kusifiwa. Eneo la kichwa cha kindi ambalo likipigwa mnyama anakufa papo hapo lina upana wa sentimita 2 hadi 2.5 tu, na kijana alikuwa amejiandaa kwa hilo hasa.

Kwenye kitako cha bunduki alibandika kadi. Mita 10: lenga sentimita 1 na kidogo juu ya shabaha. Mita 15 hadi 28: lenga papo hapo. Mita 35: sentimita 2 juu. Mita 40: karibu sentimita 4 juu. Nimeihakiki na kwa bunduki hiyo ni sahihi. Asiyezoea hushangaa kwamba mita 10 inadai kulenga juu ilhali ni karibu, lakini sababu ni rahisi: mtutu uko chini ya darubini, na risasi huanza safari yake chini ya mstari wa jicho, yaani mstari wa kutazama kupitia darubini. Kwa mita 10 bado haijaupanda mstari huo. Inaufikia karibu na mita 20, inaambaa nao hadi mita 25, kisha inaanza kushuka. Msomaji aishike hoja hii, kwa sababu kisa chote kinaning'inia hapo.

Saa mbili na nusu walisikia maganda. Mhikori ulikuwa mmoja, mrefu, wenye magome yanayobanduka vipande virefu. Kijana alisogea hadi mita 10 kutoka kwenye shina, mjomba akabaki nyuma kidogo na darubini ya mkononi. Kindi wa kijivu alikuwa kwenye tawi nene, mita 18 hivi kutoka ardhini, kichwa ubavu, anatafuna. Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na shina, yaani risasi ikipita ingekita kwenye mti badala ya kuruka kusikojulikana. Kipima-umbali cha leza kilisoma mita 21. Mita 10 mlalo na mita 18 wima hutoa pembe ya nyuzi 61, na bunduki imeinuliwa kuliko watu wengi wanavyowahi kuiinua mazoezini.

Hapo kijana akakumbuka alichofundishwa. Mjomba wake amewinda kulungu milimani magharibi mwa Marekani, na huko kuna kanuni inayofundishwa kila mpiga bunduki: ukipiga kwenda juu au kwenda chini mlimani, usihesabu umbali wa leza, hesabu umbali wa ardhini, kwa sababu uvutano huiangusha risasi kwa kadiri ya mwendo wake wa mlalo. Umbali wa ardhini ulikuwa mita 10. Kadi inasema mita 10 lenga sentimita 1 na kidogo juu. Akalenga hivyo. Akaegemeza bunduki kwenye shina la mti mdogo uliokuwa kushotoni kwake ili isitikisike, akavuta pumzi, akafyatua.

Mjomba, aliyekuwa akitazama kwa darubini, aliona kipande cha jani kikikatika juu ya masikio ya kindi, kidogo kuelekea kulia. Kindi akajibana kwenye tawi, akatulia.

Kanuni ya mjomba ni ya kweli, lakini inaeleza nusu tu ya jambo. Kuna vitu viwili vinavyoamua risasi itaingia wapi. Cha kwanza ni anguko: kwa mita 21 za usawa, risasi hii huanguka sentimita 4 hivi. Kwa pembe ya nyuzi 61, ni chini kidogo ya nusu ya anguko hilo inayohesabika, yaani sentimita 2. Hadi hapo mjomba yuko sahihi. Cha pili ni ule mwanya wa sentimita 4.5 kati ya darubini na mtutu, na mwanya huo haujui mlima wala bonde. Unazibika kwa kadiri ya umbali ambao risasi imesafiri kweli, yaani mita 21 za leza, siyo mita 10 za ardhini. Kwa mita 21 risasi ilikuwa imekwisha upanda mstari wa jicho. Ikiwa imepanda kama kawaida na kuanguka nusu ya kawaida, inafika sentimita 2 na kidogo juu ya pale msalaba wa darubini ulipo.

Kwa bunduki ya kulungu kwa mita 200 au 300, anguko ni kubwa mno na mwanya wa darubini si kitu, kwa hiyo kanuni ya umbali wa ardhini hufanya kazi na hakuna anayegundua upungufu wake. Kwa bunduki ya upepo masafa ya karibu, vitu hivyo viwili vinakaribiana ukubwa. Ukitumia kanuni ile ile, unasoma kwenye kadi tarakimu iliyowekwa kwa ajili ya risasi ambayo bado iko chini ya mstari wa jicho, unaitumia kwa risasi ambayo tayari iko juu yake. Kosa linajumlika. Sentimita 2.2 za pembe, ongeza sentimita 1.2 alizolenga juu kwa kufuata kadi, jumla ni karibu sentimita 3.4. Nusu ya upana wa shabaha ilikuwa sentimita 1.25. Mjomba aliona jani likikatika juu ya masikio. Hesabu inasema risasi ilipaswa kupita hapo hapo.

Na ule upande wa kulia? Hilo ni shina aliloegemea. Bunduki ya springi ina tabia mbaya: pistoni nzito inakimbia mbele, inagonga mto wa hewa, inarudi, na yote hayo yanatokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Bunduki inatikisika kabla haijaiachia risasi. Ukiishika kwa mkono uliolegea, kila mara inatikisika vilevile na risasi inaingia mahali pamoja. Ukiigandamiza kwenye kitu kigumu, inarushwa upande wa pili. Bunduki ya hewa iliyojazwa kwenye tangi haina adha hii, na kama mtu anaweza kuigharamia pamoja na pampu au mtungi wa kuijaza, sina pingamizi. Lakini ya springi nayo inapiga vizuri kabisa ikiwa kiganja chako kiko kati yake na mti. Kijana alijua hivyo nyumbani. Msituni, moyo ukidunda na mikono imeinuliwa nyuzi 61, mtu huegemea anachokiona.

Mpaka hapa hakuna aliyeumia. Kindi hakuguswa, na wangeweza kukaa chini, wakanyamaza, wakafikiri. Badala yake kindi alishuka. Alizunguka shina, akatokea kwenye tawi lililokuwa mita 8 hivi kutoka ardhini, akasimama tena ubavu. Leza ilisoma mita 13. Kijana, akiwa na ushahidi mmoja tu wa jani lililokatika, aliamua kwamba darubini imehama na bunduki inapiga juu. Akatupa kadi akilini, akalenga sentimita 3 chini ya sikio, safari hii bunduki ikiwa juu ya kiganja chake.

Kwa mita 13 na pembe ya nyuzi 39, bunduki ile ilikuwa inapiga karibu palepale inapolengwa, pengine milimita 3 chini. Risasi ilifanya kile ilichoambiwa. Iliingia sentimita 3 na kidogo chini ya ubongo, penye bega na mguu wa mbele. Angelenga sikio bila kuongeza wala kupunguza, kindi angeanguka.

Ndiyo maana siikubali hoja ya darubini. Darubini iliyohama inahama kwa risasi zote. Risasi ya pili, iliyopigwa kwa mshiko mzuri, iliingia ilipoelekezwa.

Hoja ya nguvu nayo inaanguka kwa hesabu fupi. Gramu 0.93 kwa mita 240 kwa sekunde ni joule 27 hivi (joule ni kipimo cha nishati) mdomoni mwa mtutu, na kwa mita 13 bado zimebaki joule 24. England na Wales, bunduki ya upepo isiyohitaji cheti cha silaha haipaswi kuzidi futi-ratili 12, sawa na joule 16 hivi. Kindi wa kijivu alipelekwa Uingereza kutoka Marekani katika karne ya 19, leo anahesabiwa mvamizi, na wapigaji wa huko wanampunguza kwa bunduki za joule 16 mwaka hadi mwaka. Mnyama ni yule yule, na nguvu yao ni ndogo kuliko ya kijana wetu. Risasi ndogo haiui kwa kishindo, inaua kwa mahali ilipoingia. Risasi ya begani ingemwacha kindi yule hai na mwenye maumivu hata kama ingetoka kwenye bunduki ya joule 40.

Mjomba ana hoja moja ambayo sitaipuuza, ingawa hakuisema vizuri. Septemba majani ni mengi, kindi hatulii, na marisau husamehe sentimita 3 za kukosea. Mtu anayewinda na bunduki ya upepo mwanzo wa msimu anajikatalia msamaha huo kwa hiari yake. Inabidi akubali pia kuacha nafasi nyingi zipite: kichwa kisichoonekana chote, jani mbele ya shabaha, anga tupu nyuma ya tawi. Jani moja linatosha kuigeuza risasi nyepesi, na tawi lisilo na shina nyuma yake linamaanisha risasi inaendelea kuruka mita mia na zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kutoharakisha risasi ya pili mwezi huo. Kindi wa kijivu huzaa mara mbili kwa mwaka, na uzao wa pili huja Julai na Agosti. Mapema Septemba baadhi ya majike bado wananyonyesha. Kwa mita 13, mjomba akiwa na darubini mkononi, walikuwa na nafasi ya kumkagua mnyama kama ana chuchu zilizotokeza, au uvimbe wa funza wa inzi wa kindi, ambao huonekana sana majira hayo chini ya ngozi. Uvimbe huo hauharibu nyama, lakini wengi huwaacha kindi wa hivyo. Hawakukagua. Aliyeingia tunduni alikuwa dume au jike, hakuna ajuaye.

Walichofanya baada ya hapo kilikuwa cha heshima, na nataka kukitaja kwa sababu wengine wangeondoka. Walikaa chini ya mti zaidi ya nusu saa wakitazama tundu. Walizunguka shina kutafuta damu. Tundu lilikuwa juu mno kulifikia, na hakuna aliyependekeza upuuzi wa kupanda. Kijana akamhesabu kindi yule katika 6 zake za siku, ingawa hakuwa mkononi, na akaacha kuwinda asubuhi hiyo. Mimi ningefanya vivyo hivyo kuhusu hesabu. Mnyama aliyepigwa na kupotea ametoka msituni sawasawa na aliyeingia mfukoni.

Je, angefanya nini pale mita 10 kutoka kwenye shina? Jibu ambalo watu hulitoa haraka ni kurudi nyuma ili pembe ipungue. Nimelipigia hesabu. Angerudi hadi mita 22 kutoka kwenye shina, pembe ingeshuka hadi nyuzi 39, lakini umbali wa leza ungefika mita 28, na risasi bado ingeingia sentimita 1 na kidogo juu. Ni afadhali, siyo tiba, tena akirudi nyuma majani yanaongezeka kati yake na kindi. Kwa bunduki yake, mita 21 na nyuzi 60 zinadai kulenga sentimita 2 chini, basi. Au kusubiri. Kindi alishuka mwenyewe baada ya dakika chache, na kwa mita 13 hakukuwa na hesabu yoyote ya kufanya.

Jumapili iliyofuata walikwenda kwenye shamba la rafiki yao, penye korongo lenye ukingo mkali. Hili lilikuwa wazo langu, na linafaa kwa yeyote anayeogopa kufanya mazoezi ya kupiga kuelekea angani, woga ambao ni wa busara: pembe ya kwenda chini huihamisha risasi sawasawa na pembe ya kwenda juu, na chini kuna udongo wa kuipokea. Waliweka karatasi kwenye kitako cha korongo, mita 21 kwa leza, nyuzi 45 hivi. Kijana akalenga katikati ya alama, bunduki juu ya kiganja, risasi kumi. Zilikaa pamoja vizuri, na katikati ya kundi ilikuwa zaidi ya sentimita 1 juu ya alama. Wakasogeza karatasi usawa wa ardhi, umbali ule ule, darubini haijaguswa. Risasi zikarudi katikati.

Mjomba aliitazama ile karatasi ya kwanza kwa muda, akauliza kama kanuni yake ya milimani basi ni ya uongo. Kijana akamwambia, "Hapana, Mjomba, ni ya kweli ukiwa na bunduki yako." Kadi mpya kwenye kitako sasa ina safu mbili. Ya kwanza ni ya usawa, haijabadilika. Ya pili ni ya nyuzi 60, umbali wa leza: mita 13, papo hapo, mita 21, sentimita 2 chini, mita 25, sentimita 3 chini, kupita hapo, usipige.